Kunyamaza kwa Ajuaye

Vijana wa darasa letu la Riruta wamezoea kuniletea masuali ya udhu, ya talaka na ya mirathi. Majibu yake yamo vitabuni, na mwenye kukaa chini akafunua kurasa hayakosi. Lakini mwaka huu kijana mmoja aliniletea suali la motokaa, nami nakiri mbele ya wasomaji kwamba halijapata kunifikia suali lililonihukumu mimi mwenyewe kama hilo. Nimeona si haki kulijibu faraghani peke yake, kwani ugonjwa ulio ndani yake si wa mtu mmoja.

Kwa ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wasioijua Riruta, huu ni mtaa wa magharibi ya Nairobi, ubavuni mwa Kawangware, na wana wa pwani waliofuata kazi huku si haba. Ukishuka kwa barabara ya Naivasha mpaka Dagoretti Corner, ukaishika barabara ya Ngong kwenda mjini, utaona yadi za motokaa njiani, zimepangwa zimeoshwa, kila moja na bei yake. Nyingi katika hizo zilishuka Kilindini zikitoka Japani, zimekwisha kutumika miaka sita au saba. Kwani Kenya haikubali kuingizwa motokaa kuukuu iliyopita miaka 8 tangu kuandikishwa kwake mara ya kwanza.

Kijana wetu alipata khabari ya motokaa isiyofanana na hizo. Ilikuwa ndogo, ya milango miwili, iliyoundwa kwa mbio. Haikutimiza mwaka, na maileji yake ilikuwa kilomita 9,000 tu. Na jambo lililomvuta kuliko yote ni kuwa haikupata kumilikiwa na mtu. Mwenyewe wa kwanza, na wa pekee, ni kampuni ile ile iliyoiunda, ambayo iliiweka kwa kuwaonyesha wanunuzi na kuwaazima waandishi wa magazeti waijaribu, kisha ikaipeleka mnadani. Bei yake ilipungua kwa thuluthi kuliko bei ya mpya. Kijana alikusudia kuikodisha kwa maharusi. Na fedha hazikuwa zake, zilikuwa za mama yake, aliyeuza fungu lake la shamba la minazi huko Takaungu ili mwanawe apate kazi ya kujitegemea.

Akaniuliza, "Maalim, mtu akinunua kitu kilichokuwa mkononi mwa aliyekitengeneza, si ana haki ya kutua moyo?"

Nililiweka suali lile mbele ya darasa, na wanafunzi wakagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilisema kwamba hapana aijuaye motokaa kuliko aliyeiunda. Mafundi ni wake, vyuma ni vyake, na jina lililoandikwa mbele ya motokaa ni lake. Basi hawezi kuipuuza mali yake wala kulifedhehesha jina lake. Kundi la pili likasema kinyume chake. Motokaa ya kampuni ni ya wote, na iliyo ya wote haina mwenye kuihurumia. Leo huipanda mwandishi, kesho mnunuzi asiyenunua, kesho kutwa mkubwa wa ofisi. Kila mmoja huikanyaga mafuta mpaka mwisho apate kuiona nguvu yake, wala hapana hata mmoja atakayelipa ikiharibika.

Makundi yote mawili yalisema maneno ya akili, na yote mawili yalikuwa yakibahatisha. Jina la mwenye kitu si khabari ya kitu chenyewe. Mtoto wa sheikh aweza kuwa mjinga, na mtoto wa mlevi aweza kuhifadhi Kurani. Kwamba kampuni ndiyo iliyokuwa na motokaa hakutwambii kama iligongwa au haikugongwa. Lakini kwatwambia jambo jingine, nalo ndilo kubwa: kwatwambia kuwa yuko mtu ajuaye. Motokaa iliyopita mikono kumi ya watu wasioandika chochote, huenda hapana aijuaye hali yake kwa ukamilifu. Hii ilikuwa na mwenyewe mmoja, naye ni mjuzi. Basi suali la sawa si hilo la kutua moyo au kutotua. Suali ni, khabari alizonazo yule ajuaye zimekwenda wapi?

Nchi hii ina mfano mashuhuri wa kununua motokaa ya namna hiyo. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na tope, ambapo motokaa nyingi huanza na chache humaliza. Mwaka 1965 walishinda ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, kwa Volvo ya namna ya PV544. Volvo ile haikuwa mpya. Kabla yake ilikuwa ya kiwanda chenyewe, imekwisha kukimbizwa katika mashindano, nao wakaipata ikiwa imetumika. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976 kwa Mitsubishi, lakini ushindi wake wa kwanza aliupata kwa motokaa iliyoachwa na waliokuwa na mali na mafundi kumshinda.

Je, alidanganyika? La. Joginder alikuwa fundi, na motokaa ya mashindano haifichi ilikopita. Aliyeichukua alijua kuwa anachukua chombo kilichopigwa na mawe. Kutumika si ila, na hata kugongwa si haramu kuuzwa. Kitu kile kile chaweza kuwa baraka kwa mwenye kukinunua akikijua, kikawa dhulma kwa mwenye kukinunua asikijue, na chuma ni kile kile. Kinachogeuza hukumu ni khabari.

Sitairudia hadithi ya rundo la nafaka lililolowa ndani likaonekana kavu juu, kwani kila mmoja wetu aliisikia tangu chuoni. Nitakumbusha iliyo karibu zaidi na jambo letu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kumfunga mnyama chuchu siku kadhaa bila kumkama kabla ya kumuuza, ili mnunuzi aone kiwele kimejaa adhani kuwa ndivyo kilivyo kila siku. Na aliyenunua mnyama kama huyo akampa khiari ya kumshika au kumrudisha, na akimrudisha atoe pishi ya tende kwa maziwa aliyokama. Angalieni vyema, ndugu zangu. Muuzaji yule hakusema neno la uongo. Hakuapa, wala hakutaja kipimo cha maziwa. Aliacha tu jicho la mnunuzi limdanganye mwenyewe. Na wenye kurudisha maileji nyuma, na wenye kupaka rangi mpya juu ya bati lililonyooshwa, wanafunga chuchu ya chuma.

Mpaka hapa maneno ni mepesi, kwani nawasema wengine. Sasa nifike kwangu.

Mwenye yadi iliyokuwa na motokaa ile ni mtu ninayemjua, huswali nasi. Alasiri moja nilipita kwake akanikaribisha kahawa, na katika mazungumzo akafungua mtoto wa meza akatoa karatasi. Wasomaji wajue kwamba motokaa ziuzwazo minadani Japani hukaguliwa kwanza, na mkaguzi huandika karatasi. Huipa motokaa daraja, huchora umbo lake, na kila penye mkwaruzo au penye mkono wa fundi hutia alama. Iliyogongwa sana ikatengenezwa hupewa herufi ya R pahali pa daraja. Karatasi ya motokaa ile ilikuwa na R. Yule bwana akanionyesha kwa kidole, akacheka kidogo, akasema, "Sheikh wangu, iligongwa mbele kushoto. Lakini imetengenezwa vizuri, na kijana wako hajauliza."

Nilinyamaza. Nami niliipa nafsi yangu hoja tatu. Ya kwanza, mimi si muuzaji wala si mnunuzi. Ya pili, nimeambiwa katika kikao, na maneno ya kikao ni amana. Ya tatu sikuisema hata moyoni kwa sauti, lakini ilikuwapo: bwana yule alikuwa ameahidi mabati ya kuezekea chuo chetu.

Siku ya pili yake kijana akaniuliza kama muuzaji ni mwaminifu. Nikamwambia, "Mwanangu, ni mtu wa swala ya jamaa." Neno lile lilikuwa kweli tupu. Nami nalijua, nikilisema, kwamba atalifahamu kuwa ni jibu la suali lake, na halikuwa jibu la suali lake. Tangu siku hiyo sina haja ya kueleza maana ya kudanganya kwa neno la kweli. Nimelifanya.

Kijana alitoa sehemu ya fedha, kisha akaomba aipeleke motokaa kwa fundi wa Dagoretti Corner. Fundi yule si Mwislamu, wala hapana udugu baina yao. Aliiinua kwa jeki, akaingia chini na tochi, akatoka akamwonyesha mahali palipochomelewa chini ya rangi. Alilipwa ujira wa kuangalia tu, na kama angalinyamaza angalipata kazi ya kuitengeneza miaka yote. Kijana akaja kwangu baada ya Magharibi, akaniuliza neno moja. "Maalim, ulijua?" Nikasema, "Nilijua." Akasema, "Ahsante, Maalim," akavaa viatu vyake akaenda zake. Hakurudi darasani kwa wiki tatu.

Katika wiki hizo nilikisoma tena kisa alichokitaja Imamu Ghazali katika Ihya, nami nilikuwa nimekisomesha mara nyingi. Wathila bin al-Asqa, sahaba wa Mtume, alikuwapo mtu alipouza ngamia jike kwa dirhamu 300. Akaghafilika kidogo, na mnunuzi akawa amekwenda naye. Wathila akamkimbilia nyuma akimwita, akamuuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Alipojibiwa kuwa ni kwa kupanda, akamwambia kuwa kwato lake lina tundu, ameliona, na ngamia huyo hataweza mwendo wa mfululizo. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirhamu 100, akamlaumu Wathila kuwa amemharibia biashara. Wathila akamjibu kuwa wao walimbai Mtume juu ya kumtakia kheri kila Mwislamu.

Wathila hakuwa muuzaji wala mnunuzi, kama mimi. Hakuulizwa, nami niliulizwa. Alikimbia, nami nilikuwa nimekaa. Na ulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema wazi kwamba kueleza ila kunamlazimu muuzaji, na kunamlazimu pia mtu mwingine aliyeijua. Ama hoja yangu ya amana ya kikao, hapana amana katika siri ya kumla mtu mali yake.

Tena tazama swali alilolitanguliza Wathila: ni kwa nyama au kwa kupanda? Ila hupimwa kwa haja ya mnunuzi. Kwato bovu si kitu kwa mchinjaji, na ni msiba kwa msafiri. Motokaa iliyonyooshwa mbele huenda isimdhuru mwenye kutaka kuitazama uani. Lakini itakayompeleka bibi harusi na mama yake katika barabara ya Mombasa yataka khabari nyingine. Basi muuzaji asiseme kuwa ila ni ndogo kabla ya kumuuliza mnunuzi aitaka kwa kazi gani.

Ziko hoja mbili nizisikiazo kwa wafanya biashara wetu, wala hazisimami. Ya kwanza ni kuwa risiti huandikwa kwamba motokaa imeuzwa jinsi ilivyo na mahali ilipo, basi mnunuzi amekwisha ridhia. Katika madhehebu yetu muuzaji akishurutisha kutodaiwa ila, kauli yenye nguvu ni kuwa sharti hilo humwokoa katika ila ya ndani ya mnyama asiyoijua tu, kwani mnyama hula na kuugua na ndani yake hakuonekani. Aijuaye na akaificha haokolewi na wino. Ya pili ni kuwa serikali haikukataza. Hiyo nayo si kweli. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa mnunuzi haki ya kupata khabari zimpasazo ili afaidike na alichonunua, na mwaka 2012 ikatoka sheria ya kumlinda mnunuzi. Lakini mahkama ni mbali na wakili ni ghali. Na kadhi wetu, kwa Katiba hiyo hiyo, hukumu yake ni katika ndoa, talaka, mirathi na hali za mtu, wala si katika biashara. Maana yake ni kuwa mlango wote wa fikihi uitwao mlango wa kuuza na kununua haukubakia na askari katika nchi hii ila nyoyo zetu. Mwenye kuupuuza hapana atakayemshika leo.

Wazee wetu wa pwani hii hawakuwa hivyo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona kwamba mfanya biashara mgeni hufikia nyumbani kwa mwenyeji, na mwenyeji ndiye amsimamiaye. Na mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akamuuzia kitu mwenyeji wake asiwepo, watu wa mji huo waliihesabu biashara hiyo kuwa si kitu. Walijua kwamba mgeni hajui, na asiyejua hutafutiwa ajuaye wa kusimama upande wake. Kijana wetu alikuwa mgeni katika soko la motokaa. Alidhani mimi ndimi mwenyeji wake.

Na lililoniuma kuliko yote ni hili. Mkaguzi wa Japani, asiyetujua wala kutuswalia kibla, aliiandika ila. Karatasi yake ilivuka bahari pamoja na motokaa, ikashuka Kilindini, ikapanda mpaka Nairobi, na khabari ilikuwa hai. Ilikufa katika mtoto wa meza ya mtu wa safu ya kwanza, na mwalimu wake akiwa amekaa mbele yake anakunywa kahawa. Kisha ikafufuliwa na fundi aliye chini ya motokaa, mgongo wake katika mafuta. Tukisema kila Ijumaa kwamba dini yetu ni muamala, na tuyaseme na haya.

Simwachi mnunuzi bila lake. Kijana alikwenda sokoni akitaka kusikia kwamba motokaa ni kama mpya, na mwenye kutaka kusikia neno huwa hamsumbui asemaye. Alilipenda jina la kampuni kuliko alivyoipenda khabari. Ndugu ununuaye, omba karatasi ya mnada, umtafute wa kukusomea, wala usimwonee haya mtu kwa kuwa huswali naye. Itazame logibuku. Nenda na fundi kabla ya kutoa hata shilingi moja. Na bei ikipungua kwa thuluthi, uliza thuluthi hiyo imekwenda wapi. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Wasomaji watataka kujua mwisho wake. Nilikwenda kwa yule bwana nikamwambia aitoe karatasi. Alikasirika, akanambia nimemharibia biashara, maneno yale yale aliyoambiwa Wathila. Lakini yeye aliyastahili kabla ya biashara kuharibika, nami nimeyapata baada yake. Kisha akaitoa. Kijana na fundi wake waliisoma, wakaikagua motokaa upya, bei ikapunguzwa kwa kadiri ya ila, na kijana akainunua kwa kujua. Sasa yabeba maharusi, na humwambia kila mwenye kuikodi kuwa iligongwa ikatengenezwa, na ya kwamba huipeleka kwa fundi kila mwezi. Wengine huondoka, wengine hubaki.

Kijana amerudi darasani. Hukaa nyuma kuliko alivyokuwa akikaa, na sijamwomba asogee mbele. Mabati ya chuo hayajaja, na mvua ya masika tuliipokea kwa ndoo.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyanyamazia hali tunayajua, na atupe ulimi wa kuyasema kabla ya kuulizwa. Amin.